Nusu Saa Ndani ya Maji Yanayochemka

Siku hizi ukionekana Nairobi na mfuko wa plastiki mkononi, watu wanakutazama kana kwamba umebeba bangi. Mimi, ambaye ujana wangu niliumalizia kwenye kutengeneza mifuko hiyo hiyo, huwa najikausha tu kama sijui lolote. Lakini nikiwa na watu ninaowaamini, na chai ikiwa nzuri, husema ukweli. Sijawahi kuwa na furaha ya kipumbavu kama niliyokuwa nayo mwaka ule, nilipokuwa nikichemsha maharagwe ndani ya nailoni mchana kutwa na kulipwa kwa kazi hiyo.

Nilikuwa na digrii ya kemia na mdomo usiojua kunyamaza. Digrii ilikaa kabatini mwaka mzima, mdomo ukaendelea na kazi yake, na mama yangu alikuwa amefika mahali pa kuniombea hadharani kanisani. Ndipo nikaajiriwa kwenye kiwanda kidogo nyuma ya maduka ya Satellite, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu. Ukisikia kiwanda usifikirie makubwa. Lilikuwa banda la mabati lenye mashine mbili, ofisi moja yenye dirisha la kioo, meko ya gesi, na choo ambacho mlango wake ulifungwa kwa waya. Tulitengeneza mifuko ile ambayo Nairobi nzima iliita karatasi, ingawa hakuna mtu aliyewahi kuiandikia barua.

Mashine ilikuwa ikiyeyusha chembe za plastiki, ndogo kama mchele, ambazo sote pale tuliziita dana, kwa neno la Kigujarati la wenye kiwanda. Halafu ilisukuma uji ule wa moto kupitia pete ya chuma huku hewa ikipulizwa katikati. Kilichotoka ni puto, refu, linalong'aa, likipanda polepole hadi karibu na paa huku likipoa, mpaka roli mbili za chuma zinazozunguka huko juu zilibane na kulirudisha chini likiwa limelala bapa. Siku ya kwanza nilipoliona likisimama niliangua kicheko mbele ya watu. Fundi wa mashine akanitazama kama mtu aliyeletewa mzigo ambao hakuagiza.

Fundi huyo alikuwa mzee wa Dagoretti, mkimya, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Aliziendesha zile mashine tangu mimi nikiwa darasa la kwanza. Aliniita Msomi, na hakuwa akinisifu. Mimi nilimwita Mzee, naye alitikisa kichwa tu na kuendelea kutazama puto lake.

Mwenye kiwanda alikuwa mjane wa Kihindi aliyekuja kila asubuhi kutoka Lavington kwa gari kuukuu aliloliendesha mwenyewe, akiwa ameusogelea usukani karibu aubusu. Sote tulimwita Mama. Kiwanda aliachiwa na mumewe, ambaye picha yake ilikaa ukutani ofisini ikiwa na shada la maua. Saa kumi kamili kila siku Mama alichemsha chai ya tangawizi kwa mikono yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ile sufuria.

Mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza hadi tunaona pumzi zetu ndani ya banda, alituita mimi na fundi ofisini.

"Sikieni," alisema. "Karatasi nyepesi kila mtu anatengeneza. Wale wa viwanda vikubwa vya Indastria wanauza rahisi kuliko mimi nanunua dana. Na serikali nayo inasema itapiga marufuku hizo nyembamba. Mwisho wa mwezi wa nane nafunga. Nauza mashine, naenda kwa binti yangu Uingereza."

Niliona kofia ya fundi ikishuka kidogo.

"Lakini iko huyu mama wa Kilimani," Mama aliendelea. "Anataka mfuko mmoja hivi. Mkiweza kutengeneza hiyo mfuko, sifungi."

Mama wa Kilimani alikuwa mzaliwa wa Mombasa, mpishi wa maharagwe ya nazi ambayo ofisi zote za Kilimani ziliyagombania saa saba mchana. Alikuwa na jiko moja Kilimani na lingine kubwa zaidi Mombasa. Alitaka mfuko ambao angeutia maharagwe yakiwa ya moto kutoka jikoni, auzibe, auuze, na mnunuzi akifika kwake autumbukize mzima mzima kwenye maji yanayochemka, maharagwe yapate moto bila kuchafua sufuria. Mifuko aliyokuwa amejaribu yote ilimwaibisha, mingine mikononi mwa wateja. Alitaka mfuko uvumilie nusu saa ndani ya maji yanayochemka, kisha ukianguka sakafuni usipasuke.

Tulipotoka ofisini fundi alichukua kitambaa akaenda kuipangusa mashine namba mbili, ingawa ilikuwa safi. Hakuwahi kufanya kazi mahali pengine maishani mwake, na alikuwa amepita umri wa kuandika barua za kuomba kazi. Nilikasirika kwa niaba yake. Mimi nikikasirika huwa nafanya kazi vizuri sana, na huwa naongea zaidi.

Basi tukaanza. Tulikuwa na dana za aina tatu. Kulikuwa na ile laini, inayozibika vizuri lakini ikisikia tu harufu ya moto inalegea. Kulikuwa na ngumu, ya kutengenezea mitungi ya maji, isiyojali joto lakini utando wake unachanika kama jani kavu. Na kulikuwa na ya tatu, tuliyoiita linia, inayovutika bila kukatika. Kazi yangu ilikuwa kutafuta ni kiasi gani cha kila moja kiingie kwenye mashine. Kazi ya fundi ilikuwa kulifanya puto lisimame bila kuyumba. Kisha tulikata mifuko, tukaijaza maharagwe ya mama yangu, tukaiziba midomo kwa chuma cha moto, tukaitumbukiza kwenye sufuria kubwa juu ya meko na kukaa kuitazama kama watu wanaosubiri kutangaziwa matokeo ya mtihani.

Mfuko wa kwanza ulidumu dakika nne. Wa pili ulivumilia nusu saa nzima, nikapiga vigelegele, nikauinua, ukateleza, ukapiga sakafu ya saruji, na maharagwe yakapanda hadi kwenye mabati ya paa. Mengine yalibaki huko juu hadi nilipoacha kazi. Wa nane ulifunguka kwenye mshono, taratibu, bila aibu, tukiutazama. Wa kumi na tatu ulimrukia fundi kifuani. Alijitazama, akaokota haragwe moja kwenye sweta, akalitia mdomoni.

"Chumvi kidogo," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akifanya mzaha, na nilicheka mpaka nikaketi chini. Kuanzia siku hiyo tulikuwa marafiki. Kila asubuhi nilifika nikikimbia. Mama yangu alidhani nimepata mchumba kazini, akaanza kuniuliza maswali ya kuzunguka. Nilimwambia ndiyo, ana urefu wa mita nne, anang'aa, na ndani yake ni hewa tupu. Akaniambia wengi wao wako hivyo.

Katikati ya mwezi wa nane, Alhamisi moja, mfuko ulivumilia. Nusu saa maji yakitokota, mshono haukusogea. Nikauangusha kutoka kifuani, ukaruka ukatulia. Fundi akapanda ngazi, akauangusha kutoka juu kabisa. Ukapiga sakafu, pwaa, ukakaa. Tukachukua mwingine, na mwingine, tukaangusha mifuko kumi kutoka kwenye ngazi, na yote kumi ikakaa. Mama alitoka ofisini kuona ni kelele gani. Alipoelewa aliushika ukingo wa sari yake, akazunguka mara mbili hapo kati ya mashine, fundi akapiga makofi, nami nikaushika mfuko wa maharagwe wa moto nikacheza nao dansi hadi ukaniunguza.

Halafu nikaketi, nikaandika cheti cha majaribio kwa mwandiko wangu bora. Niliandika kwamba utando huu umehimili nusu saa katika maji yanayochemka, digrii mia moja. Nikatia sahihi yenye mkia mrefu.

Mama wa Kilimani alipokea mifuko, akachemsha ya kwake, akafurahi kuliko sisi. Alitukumbatia wote, hata fundi, ambaye alisimama wima kama mlingoti mpaka akaachiliwa. Mzigo mkubwa ukapelekwa Mombasa. Niliwahesabia watu wa nyumbani mambo niliyoyatimiza kwa umri wangu ule mdogo. Nilikuwa sivumiliki.

Siku nne baadaye mama wa Kilimani aliingia kiwandani bila kubisha. Mama hakuwepo, alikuwa amekwenda mjini benki.

"Jamani, mmenivunjia heshima!" alisema, bado yuko mlangoni. "Mombasa imefunguka yote. Yote! Maharagwe yanaelea sufuriani mithili ya mabuyu. Hoteli wamenirudishia."

"Haiwezekani," nilisema. "Na Kilimani je?"

"Kilimani haujafunguka hata mmoja, ndio maana nimekuja na si kwa polisi."

Tulichemsha mfuko mbele yake. Nusu saa. Ulikaa. Tukachemsha wa pili. Ulikaa. Fundi akavua kofia, akajikuna, akavaa.

"Pengine huko kwenu wanachemsha vibaya," alisema.

"Tunachemsha vibaya?" Mama wa Kilimani alimgeukia mzima mzima. "Babaa, sisi ndio wenye kujua kuchemsha! Nyinyi huku hata kunde hamjui kuziivisha. Miaka minane niko Nairobi, maharagwe yale yale yanayokwiva saa moja na nusu Mombasa, hapa nakaa nayo saa tatu, nusu ya gesi inakwisha. Maji yanaruka ruka tu, kelele nyingi, kazi hamna. Nawapa mpaka mwisho wa mwezi. Mkishindwa, naagiza kutoka nje."

Aliondoka. Fundi alikwenda kuipangusa mashine. Mimi nilibaki nikiyatazama yale maji yaliyokuwa yakiruka ruka, na maneno yake yale ya kelele nyingi kazi hamna yakakataa kunitoka masikioni.

Nilikuwa na themomita. Ilikuwa kwenye droo moja na kalamu zangu, ndani ya kasha lake, na nilikuwa nimeitumia kwa kila kitu isipokuwa hicho. Nani hupima maji yanayochemka? Maji yanachemka kwenye digrii mia moja. Niliandika hivyo darasa la saba, nikaandika hivyo sekondari, nikaandika hivyo chuo kikuu, kila mara nikapewa alama. Niliichovya.

Tisini na nne.

Niliitikisa, nikaichovya tena. Tisini na nne. Nikaongeza moto hadi maji yakamwagika juu ya meko. Tisini na nne, na haikusogea.

"Mzee, hii themomita imekufa," nilisema.

Kesho yake asubuhi nilishuka mjini. Nilikwenda kwenye duka moja la vifaa vya maabara, orofa ya pili, juu ya muuza vitambaa, ambako tulikuwa tumeinunua. Nilikuwa nimeandaa hotuba yangu ya mteja aliyedhulumiwa, na niliianza tangu kwenye ngazi. Muuzaji, baba mmoja mwenye miwani jozi mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu sana.

"Umesema inaonyesha tisini na nne?"

"Tisini na nne! Maji yanatokota!"

"Wewe ni mwalimu?"

"Mkemia," nilisema, nikiinua kidevu.

Alivuta droo. Ilijaa themomita, labda ishirini, kila moja imefungwa karatasi ndogo yenye jina la shule.

"Kila muhula walimu wananirudishia," alisema. "Zote nzima. Dada, tuko juu mlimani hapa. Hewa ni nyepesi, maji yanachemka mapema. Ukitaka mia shuka Mombasa."

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nimesimama kando ya barabara kati ya watu wenye haraka zao, nimeshika themomita nzima kabisa, na uso unanichoma kwa aibu. Hayo nilifundishwa. Nilisoma presha ya hewa, nilichora michoro, nilipita vizuri. Lakini hakuna siku niliyofikiri kwamba michoro ile ilikuwa inazungumzia sufuria ya kwetu. Nilikulia katika nyumba ambayo maharagwe hulowekwa usiku kucha na bado yanapikwa tangu ibada inapoanza mpaka inapoisha, na sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nimetia sahihi yenye mkia mrefu juu ya digrii mia ambazo hazijawahi kufika Satellite.

Halafu, pale pale kando ya barabara, nikaanza kucheka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi akalihamisha jiko lake mbali nami kidogo.

Nilimweleza fundi kila kitu. Alinisikiliza hadi nilipomaliza.

"Kwa hivyo mfuko si mbaya," alisema.

"Mfuko ni wa tisini na nne. Mombasa ni mia. Hizo sita ndizo zimetuua."

"Mama asijue kwanza. Akijua leo, anafunga leo." Alifikiri tena. "Utapata wapi maji ya mia hapa?"

Hapo ndipo digrii yangu ilipolipa kodi ya kabati. Maji yakitiwa chumvi huchemka kwa joto la juu zaidi, na yakitiwa chumvi hadi yakatae kuipokea, hupanda digrii kadhaa. Nilikimbia madukani Satellite nikanunua chumvi yote ya duka la kwanza, nikaingia la pili. Mwenye duka aliniuliza kama tumechinja ng'ombe na tunahifadhi ngozi.

Tulimimina pakiti baada ya pakiti, fundi akikoroga kwa fimbo. Maji yakaanza kutokota kwa sauti nzito. Nikachovya themomita. Tisini na nane. Pakiti nyingine. Mia. Mia na mbili! Nilimrukia yule mzee shingoni. Alisema, "Haya, haya, Msomi," lakini alikuwa akicheka.

Tukatumbukiza mmoja wa mifuko yetu tuliyojivunia. Dakika ya sita, mshono ukafunguka kimya kimya, maharagwe yakaelea. Sijawahi kufurahia kushindwa kiasi hicho. Sasa tuliweza kuuona ugonjwa na macho yetu wenyewe, bila kupanda basi.

Furaha ilinifanya nisifikiri. Tulipika utando mpya wenye dana ngumu zaidi, tukajaza maharagwe, tukatumbukiza. Dakika kumi ukakaa. Dakika kumi na tano ukaanza kuvimba. Dakika ya ishirini ulikuwa umefura hadi unang'aa, na fundi akauliza kama hiyo ni kawaida, na kabla sijajibu ukalipuka. Maharagwe yalifika ofisini kupitia dirisha.

Nilichokuwa nimesahau ni kwamba maji ya nje sasa yalikuwa ya Mombasa, lakini mchuzi wa ndani bado ulikuwa wa Nairobi. Ulifika tisini na nne ukaanza kuchemka humo humo ndani ya mfuko, mvuke ukakosa pa kwenda. Tukatia chumvi ndani pia. Bahari nje na bahari ndani, maharagwe yasiyolika hata na mbwa, na mfuko haukuvimba tena.

Ukabaki utando wenyewe. Nilipoongeza dana ngumu, mshono ulivumilia joto lakini mfuko ulichanika ukianguka. Nilipoipunguza, haukuchanika lakini ulifunguka. Nilijaza daftari kwa hesabu. Siku zikapita, Mama akishinda benki mjini nasi tukifagia chumvi kabla hajarudi kwa chai, mwezi wa nane ukawa umebakiza siku tatu, na mimi kwa mara ya kwanza nikawa sina la kusema. Fundi ndiye aliyesema.

"Msomi, wewe unaipika ngumu kama laini. Laini ikitoka kwenye pete inafura hapo hapo. Ngumu haitaki kufura mapema. Iache ipande kwanza ikiwa nyembamba, iwe na shingo, ipoe kidogo, halafu ndiyo ifure. Ndivyo tulivyofanya zamani na magunia ya plastiki."

"Kwa nini hukuniambia tangu mwezi jana?"

"Hukuwa umeniuliza. Ulikuwa unaongea."

Alipunguza mwendo wa mashine namba mbili, akafungua hewa kidogo kidogo kwa vidole viwili, na puto likapanda na shingo ndefu, jembamba, likafika usawa wa kichwa chake ndipo likatanuka, kubwa kuliko nililowahi kuliona. Alisimama chini yake bila kupepesa macho. Utando ule uliposhuka niliuvuta kwa urefu, nikauvuta kwa upana, nikautundikia uzito wangu wote, ukakataa kuchanika. Tukaziba midomo kwa chuma cha moto zaidi, fundi akihesabu hadi tano kwa Kikuyu badala ya hadi tatu.

Mfuko ulikuwa dakika ya ishirini na nane kwenye maji ya chumvi Mama alipoingia. Ilikuwa saa kumi, saa ya chai, nasi tulikuwa tumeisahau kabisa. Alisimama akatazama sakafu. Ilikuwa nyeupe. Chumvi ilikuwa kwenye meza, kwenye mashine, kwenye kofia ya fundi.

"Wewe msichana," alisema polepole, "kwa nini kiwanda yangu iko na chumvi?"

Ningeweza kudanganya. Nilimtazama fundi, naye akatazama mfuko. Ikanitoka yote kwa mpigo mmoja: mzigo wa Mombasa, hoteli, themomita, duka la mjini, cheti changu cha uongo. Nilimwambia kosa ni langu peke yangu, fundi asiadhibiwe. Machozi yalinitoka, nikawa naendelea kuongea ndani ya machozi.

Mama hakuonekana kuudhika. Alionekana kama mtu anayejaribu kusikia kitu cha mbali.

"Rudia hiyo ya maji," alisema.

"Hapa yanachemka kwenye tisini na nne, Mama. Mombasa ni mia. Kwa hivyo kitu kinachoiva haraka Mombasa, huku..."

"Nipe hiyo kitu ya kupima."

Alibandika sufuria yake ya chai, ile isiyoguswa, kwenye meko ya pili. Alingoja itokote, akachovya themomita mwenyewe, akavaa miwani akaisoma. Kisha akaketi juu ya gunia la dana.

"Mama mkwe wangu yuko Mombasa," alisema. "Iko hai bado, miaka karibu tisini. Nimeolewa, nimekuja Nairobi, napika dali ya dengu. Mume wangu anaonja, anasema haijaiva kama ya mama yake. Napika zaidi. Haijaiva. Mama mkwe anakuja hapa kututembelea, anaonja, anasema huyu msichana ni mvivu, anatoa sufuria mapema. Miaka thelathini na moja. Mume wangu amekufa akijua mimi sijui kupika dali."

Maji ya chumvi yalikuwa yakinguruma.

"Na ni hii?" aliinua themomita. "Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu, Mama," nilisema.

"Nusu saa imeisha," alisema fundi kwa upole. Akauinua mfuko, akapanda ngazi, akauangusha. Pwaa. Ulikaa.

Mama aliutazama pale sakafuni. Kisha akasimama, akakung'uta sari, na sauti yake ikarudi ile ya kila siku.

"Mimi siamini sufuria ya chumvi. Na huyo mama wa Kilimani nitamwambia angoje. Huu mfuko utapimwa Mombasa, na mtu ambaye hawezi kunipendelea."

Kesho yake alikuja na dali aliyoipika nyumbani kwake Lavington tangu alfajiri, akaijaza mwenyewe, ikiwa ya moto, kwenye mifuko mitatu ya utando mpya. Fundi akaziba midomo, akihesabu hadi tano. Nikaipeleka mjini kwenye basi la vifurushi. Mama alikuwa amempigia simu mama mkwe akampa maagizo kwa Kigujarati, kwa sauti ambayo ingefika Mombasa hata bila simu: maji yachemke sana, nusu saa kamili kwa kutazama saa ya ukutani, halafu aiangushe sakafuni.

Simu iliingia siku iliyofuata, saa sita mchana, siku ya mwisho ya mwezi wa nane. Tuliingia ofisini wote wawili bila kuitwa. Mama alikuwa amesimama, mkono mmoja umebana simu, mwingine umeshika meza. Aliuliza kitu. Akasikiliza. Akauliza tena. Fundi alikuwa amevua kofia na kuikunja mikononi mwake.

"Mifuko?" nilinong'ona, kwa sababu sikuweza kuvumilia.

Mama alitikisa kichwa kwa namna ile ya Kihindi ambayo hata baada ya miezi yote hiyo sikuwa na hakika inamaanisha ndiyo au hapana. Kisha akanionyesha vidole vitatu, na akakunja ngumi kuonyesha kwamba mitatu yote imekaa. Nilimkumbatia fundi. Nilikuwa tayari kupiga yowe, lakini uso wa Mama ulinizuia. Bado alikuwa akisikiliza. Yule bibi alikuwa anaendelea kusema, polepole, kwa muda mrefu. Mama akajibu neno moja, akaweka simu chini kwa mikono miwili.

"Amesema nini?" niliuliza.

Alijifuta macho kwa ukingo wa sari, akageuka, na aliyemjibu hakuwa mimi. Aliiambia picha ya ukutani, kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie.

"Amesema imeiva."

Halafu akamwambia fundi aende akawashe mashine namba mbili.